Barua kwa rafiki anayetafuta kasha la barafu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote ulio nao nyumbani. Mimi ni mzima wa afya. Barua yako imenifikia, nami nimeliwaza kwa siku kadhaa swali lako juu ya kasha la barafu la kubeba katika safari zenu za kupiga kambi, kwa kuwa ni jambo ambalo niliwahi kulikosea, na nisingependa ulikosee kwa njia ileile.

Umeniuliza ni kasha gani linalotunza baridi kwa siku nyingi zaidi. Nakuomba uanze kwa kuuliza ni lipi ambalo kifuniko chake kitakuwa kingali kinafunga sawasawa baada ya miaka mingi ya kupakiwa, kuangushwa na kukaliwa. Kasha langu la kwanza lilikuwa na kuta nene na umbo la kuvutia, lakini bawaba zake zilikuwa vipande vyembamba vya plastiki vilivyoshikwa kwa skrubu fupi. Siku ya pili ya safari ya siku nne, mmoja wetu alikaa juu ya kifuniko ambacho hakijashuka vizuri, bawaba moja ikakatika, na tangu hapo kifuniko kikawa kinakaa upande. Tulikifunga kwa kamba, lakini hewa ya joto ilikuwa imekwisha kupata njia, na kufikia jioni ya siku ya tatu barafu yote ilikuwa imeyeyuka, na nyama tuliyokuwa nayo ikawa haifai tena kuliwa. Kuta za kasha zilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo ukifika dukani, usianze na maandishi yanayoahidi idadi ya siku ambazo barafu itakaa, kwa maana majaribio ya namna hiyo mara nyingi hufanywa kasha likiwa limejazwa barafu na halifunguliwi hovyo, jambo ambalo kambini halipo. Fungua kifuniko na utazame bawaba. Iliyo bora, kwa maoni yangu, ni ile inayoenea karibu upana wote wa kasha na kushikwa na fimbo ya chuma isiyoshika kutu, ambayo ikichakaa huchomolewa na kuwekwa nyingine. Kisha pitisha kidole kwenye mpira wa kuzibia unaozunguka ukingo, uone kama umekaa imara katika mfereji wake. Weka kipande cha karatasi ukingoni, funga kifuniko, halafu uivute karatasi hiyo. Ikitoka bila kushikwa, hewa nayo itapita hapohapo. Rudia pande zote nne, na zaidi kwenye pembe za upande wa bawaba, kwani huko ndiko mpira unakoanza kulegea.

Gonga pia kifuniko kwa vidole. Makasha mengi ya bei nafuu yana povu ndani ya kuta, lakini kifuniko chake ni kitupu, nawe utaisikia sauti ya uwazi huo mara moja. Kuhusu vifungo, vile vya mpira mzito unaonyumbuka vimenidumia kuliko vya plastiki ngumu, ambavyo huvunjika vikipata kishindo. Uliza kama mtengenezaji anauza vipuri: mpira wa kuzibia, vifungo, kizibo cha kutolea maji. Mimi nisingenunua kasha lisilo na vipuri hata kama lingepunguzwa bei.

Ganda la nje hutengenezwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuweka unga wa plastiki ya polietilini ndani ya kalibu ya chuma inayozungushwa kwenye joto, hadi plastiki iyeyuke na kutanda sawasawa, na kinachopatikana ni ganda nene lisilo na kiungo. Kampuni ya YETI, iliyoanzishwa na ndugu wawili huko Texas, Marekani, mwaka 2006, ndiyo iliyochangia sana kuyafanya makasha ya aina hii yajulikane. Njia ya pili ni kusukuma plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu kwa nguvu; ganda lake huwa jembamba na jepesi zaidi. La kwanza huvumilia mapigo mengi, lakini kasha la lita 45 hivi la aina hiyo hukaribia kilo 10 likiwa tupu. Ikiwa mtakuwa mkilibeba kwa mikono kutoka garini hadi kambini kwa mwendo mrefu, ningekushauri uchukue la pili, mradi bawaba na mpira wake vimepita majaribio niliyokueleza. Kwa vyovyote vile, ndani ya kuta tafuta povu la poliuretani, maana kwa unene uleule huzuia joto vizuri kuliko polistirini.

Kuhusu ukubwa, kumbuka kwamba kazi ya kutunza baridi inafanywa na barafu yenyewe. Kilo moja ya barafu hunyonya kilojuli 334 hivi ili iyeyuke, ambalo ni joto la kutosha kuyapandisha maji ya uzito huohuo kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Ndiyo maana hupendekezwa kuweka sehemu mbili za barafu kwa sehemu moja ya vyakula, na ndiyo maana kasha kubwa lililojaa nusu huishiwa haraka, kwani kila unapolifungua hewa yake baridi humwagika na ya joto huingia mahali pake. Barafu ya bonge kubwa hukaa muda mrefu kuliko ya vipande vidogo, na kasha lililopozwa usiku kucha kabla ya kupakiwa haliipotezi barafu yako kwa kupoza kuta zake. Vinywaji viwekeni katika kasha lao, kwa sababu hilo litafunguliwa kila saa, ilhali la nyama linapaswa kubaki limefungwa kivulini na chini ya nyuzi 5. Kipimajoto kidogo ndani yake kitakuondolea shaka.

Kabla hujanunua, pima nafasi ya nyuma ya gari lako, pamoja na urefu unaohitajika ili kifuniko kifunguke chote kasha likiwa ndani. Uniandikie vipimo hivyo, idadi yenu, na siku mtakazokaa mbali na mahali pa kupata barafu, ili nikusaidie kukadiria lita.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.