Barua kwa mwanangu: wapime kwanza, saruji baadaye

Arua, Jumapili

Mwanangu Zainabu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, isipokuwa baba yako, ambaye hali yake unaijua. Ulinieleza kwenye simu kwamba umekwisha kuzungumza na daktari huko Kampala, kwamba anaweza kumdunga saruji ya mifupa katika pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea, na kwamba ikishindikana hapo mtampeleka India. Nimefurahi, na ninajivunia binti anayehangaika hivi kwa ajili ya mzazi wake. Lakini katika maelezo yako yote sikusikia hata mara moja neno kifua kikuu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nimeyasoma yote uliyonitumia, nikayarudia. Nimeelewa kwamba mgonjwa hulazwa kifudifudi, akapigwa ganzi na kupewa dawa ya kumtuliza, kisha daktari akapitisha sindano nene kwenye ngozi mpaka ndani ya pingili huku akiifuata njia yake katika mashine ya eksirei, na mwisho akasukuma saruji laini ambayo huganda baada ya muda mfupi. Njia ya pili ni ile ya puto, ambalo huingizwa likiwa limenywea, likajazwa ili liinue mfupa uliobonyea, likatolewa, na nafasi liliyoacha ikajazwa saruji. Mgongo haupasuliwi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa mzee mwenye pumu hiyo ni nafuu kubwa.

Ila saruji haiwekwi penye maambukizi. Kifua kikuu hakiishii mapafuni, mwanangu. Huingia pia katika uti wa mgongo, kikazila pingili polepole hadi zikabonyea, na katika picha ya eksirei mfupa ulioliwa namna hiyo unaweza kufanana na ule uliovunjika kwa udhaifu tu. Baba yako mdogo alimeza dawa zake za kifua kikuu katika nyumba hii, akilala chumba kimoja na baba yako. Wewe ulikuwa bweni wakati huo, na huenda ndiyo sababu jambo hili halikukujia akilini. Tena prednisoloni aliyoimeza baba yako miaka mingi kwa ajili ya pumu hufanya mambo mawili kwa pamoja: hudhoofisha mifupa na hupunguza nguvu ya mwili ya kupambana na maambukizi. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ni udhaifu wa mifupa kwa sababu ya prednisoloni, namjibu kwamba dawa hiyohiyo inanipa sababu ya kuogopa kifua kikuu.

Nataka basi apigwe picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, kabla ya lolote. Nimesoma kwamba kifua kikuu mara nyingi huharibu pingili mbili jirani pamoja na gegedu iliyo kati yao, na usaha hujikusanya kandokando, ilhali katika udhaifu wa mifupa gegedu hiyo kwa kawaida husalimika. Picha hiyo huonyesha pia kama mvunjiko ni mbichi au ni wa zamani, na hilo lina uzito wake. Daktari akiwa bado na shaka, achukue kipande kidogo cha mfupa kwa sindano, kipimwe kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert na kitazamwe kama kuna saratani, nanyi msubiri majibu. Kikiwa kifua kikuu, dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali, na wagonjwa wengi wa mgongo hupona kwa vidonge vya miezi mingi bila kupasuliwa.

Jambo la pili ni haraka yako. Umeandika kana kwamba saruji ni dawa isiyo na ubishi. Njia hii ilianzia Ufaransa, katika mji wa Amiens, mwaka 1984, madaktari Galibert na Deramond walipomtibu mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya pingili ya shingo, na tangu hapo imewafaa wengi. Lakini mwaka 2009 yalichapishwa majaribio mawili ambamo wagonjwa wengine walidungwa saruji na wengine wakafanyiwa kila kitu isipokuwa saruji, bila wao kujua nani amepata nini, na maumivu yakapungua karibu sawasawa pande zote mbili. Mwaka 2016 jaribio la Australia, lililochukua watu wenye maumivu makali ambao mvunjiko wao ulikuwa haujapitisha majuma sita, likaonyesha kwamba saruji iliwasaidia zaidi. Mwaka 2018 Waholanzi wakashindwa tena kuona tofauti. Kwa maoni yangu, ikithibitika kwamba mvunjiko ni mbichi, hauna maambukizi, na vidonge vya maumivu vimeshindwa, nitakubali adungwe. Wengi hupata nafuu wenyewe ndani ya majuma sita hadi kumi na mawili.

Najua utasema mama anachelewesha. Sichelewishi. Mimi ndiye ninayemwona asubuhi akijigeuza ubavu, akishika kamba niliyoifunga kwenye mguu wa kitanda, akitulia kwanza huku ameuma meno, ndipo anaketi. Kanzu yake ya Ijumaa sasa inaburura mbele na imepanda nyuma. Hapa mjini alidungwa sindano za maumivu wiki baada ya wiki bila mtu kuagiza hata eksirei moja, wakisema ni uzee. Ndiyo maana sitaki safari hii tena atibiwe kwa kukisia.

Uliwatangazia shangazi zako wote habari za India kabla ya kumuuliza yeye mwenyewe. Amenyamaza, lakini imemuuma. Mpigie, umuulize anataka nini. Na kile kiwanja msikiuze. Nimezungumza na mnunuzi wa mihogo, fedha za MRI zitapatikana.

Muulize daktari, mbele ya baba yako, kuhusu saruji kuvuja. Mara nyingi haileti madhara, lakini inaweza kubana neva au kuingia kwenye mishipa ya damu na kufika mapafuni, na mapafu yake unayajua. Muulize pia dawa ya kuimarisha mifupa, maana saruji hutengeneza pingili moja tu na nyingine zinabaki dhaifu vilevile. Prednisoloni asiiache ghafla kwa ushauri wa mtu yeyote mtaani, ni hatari. Ipunguzwe na daktari. Hapa nampikia mukene, wale dagaa, mara kwa mara, namtoa juani asubuhi, na namtembeza kidogo uani, kwa kuwa kulala kutwa nako hudhoofisha mifupa. Jerikeni hagusi tena. Mtoto wa jirani anatuletea maji.

Msimpakie basi la usiku. Matuta ya kutoka hapa hadi Karuma yatamuumiza bure. Tafuteni gari dogo, alazwe kiti cha nyuma, na mpumzike Pakwach. Miguu ikifa ganzi au akishindwa kuzuia mkojo, msingoje miadi yenu, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku iwe mchana.

Majibu ya MRI yakitoka, nisomee yote kwenye simu, neno kwa neno, hata usiyoyaelewa. Usitie sahihi karatasi ya saruji kabla sijasikia kutoka kwa daktari mwenyewe kwamba ametafuta kifua kikuu na hakukipata.

Mimi mama yako