Kwa binti ami: popo wako na mwavuli wake

Binti ami,

Assalaam alaykum. Mswada wa kitabu chako cha picha cha watoto umefika. Popo wa Kidike, Pemba, anaukuta mwavuli mweusi umetundikwa kwenye mkarafuu, akadhani ni ami yake. Hicho ni kichekesho khasa, usikiguse. Nnachotaka ukiguse ni yale maneno 1,900 uliyokizungushia.

Chukua karatasi nane za A4, uzikunje katikati na kuzipachika moja ndani ya nyengine. Umeshapata kitabu cha mfano cha kurasa 32. Ziandike namba kwa penseli. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 ni mambo ya hakimiliki (hayo waulize COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar), wa 3 picha ndogo ya kufungulia. Kuanzia wa 4 hadi wa 31 unazo jozi 14 za kurasa zinazotazamana, na wa 32 umebaki peke yake. Maneno 400 yanatosha. Wanaoandika kwa Kiingereza huambiwa wasipite 500 au 600, lakini sisi neno moja tu, "alipoutundika", linabeba mzigo ambao kwao unataka maneno matano. Kila jozi basi ina maneno 28 hivi, sentensi tatu fupi.

Ukishagawa hivyo utayaona mwenyewe yaliyozidi. "Popo alishangaa, macho yakamtoka pima": hayo mwachie mchoraji. Neno libaki kwa lile ambalo picha haiwezi kulisema, au lile ambalo picha inalikana. Popo anasema, "Ami amelala." Picha ni mwavuli. Mtoto wa miaka mitano akijua asichokijua popo, basi kicheko kimeshakuja, wewe ukimwambia "kumbe ulikuwa mwavuli!" ukurasa wa 6, umemnyang'anya tonge mdomoni.

Lugha yetu imekupa zawadi hapa na sijui kama umeiona. Msimulizi asiseme "ami" wala "mwavuli" popote. Aseme tu, "Haukujibu." Popo naye aseme, "Hakujibu! Amenuna." Ile *u* moja inatoboa siri yote, na mtoto ataidaka kwa sikio hata kama hajui kusoma, maana hakuna aliyemfundisha upatanisho wa ngeli, amezaliwa nao. Ila jihadhari na msahihishaji. Ataiona "haukujibu" katikati ya "hakujibu", atadhani umekosea, ataisawazisha, na kitabu kimekufa. Andika pembeni kwa wino mwekundu: MAKUSUDI. Kwa mchoraji pia weka maelezo mafupi kila mahali maneno na picha vinapopingana, kwani akiyaamini maandishi atakuchorea popo wawili.

Popo anaamkia mara tano. Ziwe tatu. "Shikamoo, ami" ya kwanza inaweka desturi, ya pili inaithibitisha, ya tatu inaivunja: upepo unautikisa mwavuli, popo anaona ameitikiwa. Zikiwa tano, mama anayesoma ataziruka mbili, na ataruka ile nzuri.

Sasa kufunua ukurasa. Kwenye jozi ya 18 na 19 mvua inaanza, bibi mchumaji karafuu anakimbilia mwavuli wake, na palepale unafunguka. Macho ya mtoto ni mepesi kuliko mdomo wa mama: jibu ameshaliona kabla swali halijasomwa. Maliza 19 na maneno ya popo, "Mara mvua ikashuka, na ami…", pakatike hapo. Wakifunua, 20 na 21 nzima iwe picha moja na maneno mawili: "AKATANDA MBAWA!"

Wazo la maneno ya popo kuchapwa juu chini, ili msomaji akigeuze kitabu, nimelipenda, lakini lina mtego. Kitabu kikigeuzwa, ukurasa wa kulia unakuwa wa kushoto. Kwa hiyo maneno yaanzie ukurasa wa namba witiri, la sivyo yatasomeka nyuma mbele. Halafu msomaji akisahau kukirudisha akafunua kwa mazoea, atarudi alikotoka. Kila maneno ya juu chini yaishie ndani ya jozi yake. Mara mbili kitabu kizima, basi, mkono unachoka.

Mnyama mwenyewe umemkosea. Popo wa Pemba hali mbu wala hatafuti njia kwa mwangwi. Anakula matunda, na anaongozwa na macho na pua. Mbawa akizitanda ni karibu mita 1.6. Mwambie mchoraji: akijikunja ni mdogo kuliko mwavuli, akijitanda anaupita, na hilo peke yake linachekesha. Asimchore wima kisha akaipindua picha, manyoya yataning'inia kuelekea mbinguni. Na tabasamu la aliye kichwa chini huonekana kama kununa, kwa hiyo furaha yake iwe machoni na masikioni.

Ya kiwanda cha uchapaji kwa ufupi. Picha zipite ukingo wa kukatia kwa milimita 3, na ziwe na nukta 300 kwa inchi. Usizitume kama picha za WhatsApp, zinabanwa. Kwa kitabu kinachobanwa kwa pini kwenye mkunjo, 16 na 17 ndizo kurasa pekee ambazo jozi yake imo kwenye karatasi moja. Kwengineko picha inaweza kuhama kidogo kwenye mkunjo, uso wa popo usikae hapo. Bahari ya kisiwa cha Misali iliyong'aa kwenye simu itafifia kwenye wino. Ndivyo wino ulivyo, usigombane na mtu.

Watoto waliozoea juzuu za Kurani chuoni, madrasa, watakifungua kutoka upande wa pili. Usiwalaumu. Weka popo mdogo kwenye jalada la nyuma, kichwa chini, anauliza, "Na wewe pia?"

Ukikijaribu skuli ya maandalizi, asome mtu mwengine asiyekijua, wewe kaa nyuma na penseli. Tia alama anapojikwaa, na wanapoanza kuchezea viatu. Usiwaulize kama wamekipenda, wana adabu, wataitikia "ndiooo" wote. Waambie wakusimulie.

Umeuliza ukurasa wa 32 uweke nini. Chumba cha bibi, usiku. Mwavuli umetundikwa msumarini, unadondosha maji, ndo, ndo. Kando yake msumari wa pili, na popo amelala. Bila neno hata moja. Ile sentensi yako ya "Tangu siku hiyo popo alijifunza…" ifute.