Gari linachemsha lini?

Swahiba,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi huku ni wazima. Barua yako kuhusu gari lako linalochemsha na kupungua maji nimeisoma, na naona fundi ameshatoa hukumu: gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ya kuziba iliyo kati ya injini na hedi yake ya juu, imeungua, injini ifunguliwe wiki hii hii. Mwambie asubiri. Inawezekana kweli gasketi imekwisha, ila katika yote uliyoniandikia sijaona hata dalili moja ya kuithibitisha, na hedi haifunguliwi kwa kubahatisha.

Umeeleza mambo mengi, lakini lenye uzito kuliko yote umelichomeka mwishoni kama jambo la kupita: kwenye foleni mshale wa joto unapanda, ukipata njia wazi unashuka wenyewe. Hapo ndipo pa kuanzia. Gari likiwa mwendoni, upepo unajipenyeza bila msaada kwenye rejeta, kile kipozea maji kilicho mbele ya injini. Likisimama, upepo wote unatoka kwa feni. Kwa hiyo gari linalopoa likikimbia na kuchemsha likisimama, mara nyingi maji yake yanazunguka vizuri. Linachokosa ni hewa.

Lingekuwa linatulia kwenye foleni na kuchemsha kwenye mlima mrefu, ningekuandikia barua nyingine kabisa. Hapo ningeshuku rejeta iliyoziba ndani kwa kutu, pampu ya maji ambayo mapanga yake yameliwa, au mpira wa chini wa rejeta uliolegea kiasi cha kunywea pampu inapovuta. Na lingekuwa linapanda muda mfupi tu baada ya kuwashwa, mpira wa juu ukiwa wa moto na wa chini bado wa baridi, themostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto, ndiyo ingekuwa mshtakiwa wa kwanza. Ndiyo maana nawashangaa mafundi wanaofungua boneti kabla ya kumuuliza mwenye gari linachemsha saa ngapi na wapi.

Basi, feni. Hukusema yako ni ya umeme au inazungushwa na injini. Kama ni ya umeme, washa gari, washa na kiyoyozi. Katika magari mengi feni huanza mara moja. Ikizunguka, mota yake ni nzima; kama haijiwashi yenyewe injini ikipata moto, mashaka yanahamia kwenye swichi ya joto au waya zake. Isipozunguka, tazama fyuzi, kisha rilei, yaani swichi ndogo inayoipelekea feni umeme, kisha mwambie fundi aipe mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mbili. Ikigoma hapo, ni ya kubadilisha. Ila vidole vyako viwe mbali: feni ya umeme inaweza kuamka hata gari likiwa limezimwa.

Kama inazungushwa na injini, katikati yake kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa ya moto, zima, toa ufunguo, kisha isukume feni kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito, igome kidogo. Ikizunguka kwa wepesi na kuendelea yenyewe, klachi imekufa. Angalia pia usoni pake kama kuna michirizi ya mafuta iliyoshika vumbi. Hayo ndiyo mafuta yake yanayovuja.

Ukiwa hapo hapo, tazama kama kava la plastiki linaloizunguka feni lipo. Magari ya umri wa lako mara nyingi hayana, kwa sababu kuna fundi aliyelitoa apate nafasi ya spana na hakulirudisha. Bila kava, feni inazungusha hewa ile ile ya moto ya injini badala ya kuivuta kutoka mbele kupitia rejeta. Halafu jioni, weka tochi upande wa injini, uchungulie kwa mbele. Pale ambapo mwanga haupenyi pamejaa wadudu, majani na matope. Uchafu hupenda kukaa kati ya rejeta na ile kondensa, kipozeo cha kiyoyozi kilicho mbele yake, mahali usipopaona ukiinama tu. Osha kwa maji ya kawaida kutoka ndani kwenda nje. Presha kubwa italaza vile vipezi vyembamba, na vikilala ni sawa na kuziba.

Sasa hili la maji kupungua bila kuona tone chini. Fundi amelichukua kuwa ushahidi wa gasketi. Mimi ningeanza na kifuniko cha rejeta, kitu kidogo ambacho hakuna anayekiheshimu. Maji matupu usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 100, na ukipanda nyanda za juu huchemka mapema zaidi. Kifuniko chenye namba 0.9, yaani presha ya bar 0.9, kinayabana, yasichemke hadi yakaribie nyuzi 118. Springi ikilegea au mpira wake ukikatika, nafasi yote hiyo inapotea: maji yanachemka katika joto ambalo kwa injini yako si la ajabu, yanasukumwa kwenye tangi la akiba, yanamwagika huko au kupotea kama mvuke. Kigeuze ukitazame chini yake. Mpira uwe laini, usiwe na mikunjo wala nyufa, na kile kivalvu kidogo cha katikati kivutike na kurudi chenyewe. Ukikuta mpira wa juu wa rejeta umebonyea asubuhi gari likiwa limepoa, kivalvu hicho kimeganda na hakirudishi maji kutoka tangini. Ukinunua kingine, namba iwe ile ile iliyoandikwa na watengenezaji wa gari, si kubwa zaidi eti ndiyo imara.

Na usikifungue gari likiwa la moto, hata fundi akikuambia anajua namna ya kukizungusha polepole na tambara. Presha ikitoka ghafla, maji yanachemka papo hapo na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Subiri hadi uweze kushika mpira wa juu bila kuutupa.

Gasketi nayo ina vipimo vyake, na vinafanyika kabla ya kufungua chochote. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta, washa gari, tazama ndani. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyonaswa. Mapovu yasiyokoma, yanayozidi ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Siku nyingine funga kifuniko, washa, na baada ya dakika moja hivi minya mpira wa juu. Maji bado hayajapata moto, kwa hiyo uwe laini. Ukiwa mgumu kama jiwe, fundi wako ana hoja. Chomoa na kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni habari mbaya. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, huja kwa safari fupi fupi. Vivyo hivyo moshi mweupe wa asubuhi yenye baridi, kama unakatika injini ikipata joto. Fundi mwenye vifaa anaweza pia kuipima rejeta kwa pampu ya presha, au kwa ile dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa injini.

Halafu hili la kutoa themostati na kuitupa, ulilosema limeshapendekezwa. Kataa. Najua linafanywa kila kona, na wapo watakaokuapia limewasaidia. Lakini injini isiyofikia joto lake inakula mafuta zaidi na inajisaga. Tena kuna injini ambazo themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa kwenye hizo, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi ya mwanzo. Kama ana shaka nayo, aichemshe kwenye sufuria na kipimajoto. Yenye namba 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi 82.

Kwa sasa, mshale ukianza kupanda ukiwa foleni, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na feni yake. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo. Usiposhuka, egesha na uzime. Usimwagie injini maji ya baridi, hedi inaweza kupasuka, na hapo fundi atakuwa amepata kazi aliyoitaka.

Anza na feni, kisha kifuniko, halafu uniandikie umeona nini. Nitajie na namba iliyo juu ya hicho kifuniko, na kama kava la feni lipo. Kama mapovu yatakuwepo, nieleze pia, tuzungumze namna ya kumpata mtu wa kuifungua hedi na kuipima kama imepinda, maana kubadilisha gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kazi ya kurudia.

Wasalimie watoto.

Wako,
Rafiki yako