Barua ya wazi kwa mbunge wangu: hotuba nimezisikia, sasa tuongee kura

Mheshimiwa,

Salamu, na pole na kazi. Najua hii barua haitafika kwa meza yako lakini kwa simu itafika, maana vijana wako wa mitandao huwa hawalali, na juzi tu nimeona wamerusha tena ile klipu, ile umesimama bungeni umenyoosha kidole unasema mwananchi amechoka na ushuru. Imesambaa vibaya sana. Watu wanaandika huyu ndiye mbunge, huyu ndiye anatutetea, wengine washakupea ugavana. Sasa mimi nina tabia yangu moja, nikiona klipu naenda kutafuta Hansard ya hiyo siku, ile rekodi rasmi ya kila neno linalosemwa bungeni, na Hansard iko bure kwa tovuti ya Bunge la Kenya, mwenye bando anasoma, halafu nikimaliza maneno naenda kutafuta kura. Na hapo kwa kura ndipo mimi na wewe tunakosana.

Hotuba ya klipu ni ya Juni 2023, Mswada wa Fedha, ule wa kodi za mwaka, ukisomwa mara ya pili. Na ilikuwa hotuba nzuri, sitakuibia sifa zako. Uliongea juu ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta kutolewa asilimia 8 kupelekwa asilimia 16, ukaeleza vile mafuta ikipanda nauli inafuata na nauli ikipanda hakuna kitu sokoni kinabaki chini, ukauliza pia ile asilimia 1.5 ya nyumba inayokatwa kwa mshahara itasimamiwa na nani. Maswali ya maana kabisa. Halafu ukafika kwa sentensi ya mwisho, ambayo klipu haijawahi kufika, ukasema Mheshimiwa Spika kwa hayo machache naunga mkono.

Yaani unaunga mkono nini sasa? Nilirudia kusoma nikidhani waandishi wa Hansard wamekosea. Hawakukosea. Kura ya kusomwa mara ya pili ikapigwa, ndiyo 176, hapana 81, na wewe uko pale kwa 176. Nikasema labda ni mbinu, labda unataka mswada uende kwa Kamati ya Bunge zima ndiyo ukatoe hicho kifungu cha mafuta, hiyo ni siasa halali na wabunge wengi huifanya. Wiki iliyofuata kifungu cha mafuta chenyewe kikaletwa, si mswada mzima, kifungu, kile kile ulichokililia, na kikapita kwa kura 184 dhidi ya 88. Wewe uko kwa 184.

Kwa hivyo kuna mheshimiwa wawili, mmoja anaongea na mwingine anabonyeza, na sijui kama hao wawili wamewahi kukutana.

Najua utaniambia siasa ya bungeni sielewi, kuna chama, kuna muungano, kuna kiranja, yule wa kuwaambia wabunge wa chama wapige kura vipi. Naelewa zaidi ya vile unafikiria. Najua kuongea bungeni hakukugharimu kitu, Katiba Kifungu cha 117 inakulinda, useme utakacho hakuna wa kukupeleka kortini. Kura ndiyo iko na bei. Ukipiga kinyume cha chama unaweza ukajikuta umetolewa kwa kamati uliyoipenda, simu za wakubwa zinaacha kushikwa, na ile barabara uliyoahidiwa inakuwa hadithi. Ndiyo maana mimi kipimo changu kiko kwa kura, kwa sababu hapo ndipo mtu anaumia kidogo kwa ajili ya watu wake. Ukitaka kuniambia ulipiga ndiyo kwa sababu ya kiranja, niambie hivyo, kwa maneno hayo, nitakuheshimu zaidi kuliko klipu.

Haya, twende 2024. Tarehe 18 Juni kamati ya fedha ikatangaza imeondoa VAT ya mkate, ikaondoa na ile ya magari ya asilimia 2.5, na tarehe 20 ulisimama ukatumia karibu hotuba yako yote kupongeza. Ukampongeza mwenyekiti, ukapongeza kamati, ukapongeza Rais Ruto kwa kusikiliza, ukawaambia vijana waliokuwa barabarani kwamba Bunge limewasikia. (Siku moja mtu atuhesabie ni saa ngapi za Bunge huisha kwa pongezi, mimi nadhani tungepata wiki nzima ya kazi pale.) Ila juu ya vifungu vilivyobaki, na vilikuwa vingi, hukugusa hata kimoja. Kura ya siku hiyo, 204 kwa 115. Uko kwa 204. Tarehe 25, kusomwa mara ya tatu, 195 kwa 106 na kura tatu zikaharibika. Uko kwa 195. Hiyo siku vijana walipigwa risasi nje ya Bunge, wengine hawakurudi nyumbani, na sehemu ya jengo ikachomeka.

Kesho yake tarehe 26 Rais akasema hataweka sahihi, akaurudisha mswada akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Na mheshimiwa wangu, kabla hata hiyo wiki haijaisha ukatoa video ukisema wewe tangu mwanzo ulikuwa na wasiwasi na huo mswada. Wasiwasi uliuweka wapi? Kwa Hansard haupo, na kwa orodha ya kura ndiyo haupo kabisa. Kubadilisha msimamo si dhambi, wako wenzako waliojitokeza wakasema tulipiga ndiyo, tumesikia, tunaomba msamaha, na wananchi waliwatukana lakini angalau walijua wanatukana nini. Wewe ulitaka uwe umepiga ndiyo kwa chama na hapana kwa wananchi, kwa kura moja.

Sasa, hizo nilizotaja ni kura ambazo majina yanajulikana. Na hizo ni chache. Kazi nyingi ya Bunge hupita kwa sauti, Spika anauliza walio na ndiyo, watu wananguruma, walio na hapana, watu wananguruma, Spika anasikiliza kwa masikio yake mawili na anatangaza nani ameshinda. Ikipita hivyo hakuna mtu duniani anajua wewe ulinguruma upande gani au ulikuwa unachati. Na kumbuka idadi ya kuendesha kikao ni 50 tu kati ya wabunge 349, hiyo iko kwa Kifungu cha 121, kwa hivyo sheria ya kawaida inaweza kupita na chumba kitupu na hakuna jina hata moja limeandikwa. Mtu akitaka tujue, njia ipo, wabunge 30 wasimame wadai kura ya majina, kengele inalia, milango inafungwa, kila mtu anahesabiwa. Watu 30 tu kati ya 349! Na wewe kwa vipindi vyako viwili, 2017 mpaka sasa, sijaona popote umeanzisha hiyo kitu kwa jambo lolote linalotuhusu.

Wazee wa 2018 mnakumbuka ile Septemba ya VAT ya mafuta, Rais Uhuru amerudisha mswada anataka asilimia 8, na ili Bunge limpinge lilihitaji thuluthi mbili, yaani wabunge 233. Ile siku ilikuwa ni kelele, watu wanaimba, watu wanapiga meza, wengine wanadai kuhesabiwa, na mwisho wa kelele asilimia 8 ikawa imepita. Mpaka leo ukiuliza mbunge yeyote wa wakati huo atakuambia yeye alipinga. Wote walipinga. Sijawahi kukutana na hata mmoja aliyeunga mkono, na asilimia 8 tulilipa.

Halafu kuna kutokuwepo. Hii ndiyo nataka tukae nayo kidogo, maana ndiyo silaha yako kubwa na huwa haikupatii lawama. Februari 2024 sheria ya nyumba za bei nafuu, ndiyo 141, hapana 58. Jumlisha, ni 199. Bunge ni la watu 349. Karibu wabunge 150 hawakuwa upande wowote kwa jambo linalokata mshahara wa kila aliyeajiriwa, na wewe ulikuwa mmoja wao, wewe uliyeuliza 2023 hiyo pesa itasimamiwa na nani. Jibu lilipoletwa mezani hukuwepo. Rudi nyuma tena, Februari 2019, mswada wa thuluthi mbili wa jinsia, ule wa kusema jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti, ulihitaji 233 na ukumbini mlikuwa 174, ukaanguka bila hata mtu kuupinga. Hakuna aliyebeba aibu, kwa sababu hakuna aliyesema hapana. Ilibidi mpaka Jaji Mkuu Maraga mwaka 2020 amshauri Rais avunje Bunge ndiyo watu wakumbuke kuna kitu kama hicho kwa Katiba, na bado hakikufanyika.

Lakini tarehe 8 Oktoba 2024, kumng'oa Naibu Rais Gachagua, zaidi ya 280 ndiyo, 44 hapana, mmoja akakaa kando. Hao ni zaidi ya 320. Mlitoka wapi? Hakuna aliyekuwa na ndege, hakuna aliyekuwa na mazishi, hakuna aliyekuwa na mkutano wa kamati Mombasa. Sisemi kama ile kura ilikuwa sawa au mbaya, kila mtu ana yake, nasema tu kwamba siku mkitaka kuja mnakuja, kwa hivyo siku hamjakuja tuelewe pia kwamba mmeamua.

Na tafadhali usinijibu na zile ripoti za nani ameongea mara ngapi. Najua mwaka fulani ulikuwa juu kwa kuchangia na ukaweka bango pale barabarani. Mzalendo, lile shirika linalofuatilia kazi za wabunge na kutoa hizo ripoti, wanafanya kazi nzuri sana, walianza enzi ambazo tovuti ya Bunge ilikuwa imezimwa kwa sababu waheshimiwa hawakutaka wasifu wao wa masomo na kazi uonekane, mwananchi alikuwa hawezi hata kujua mbunge wake amesema nini, na bila wao mimi nisingejua nianzie wapi. Lakini idadi ya kuongea ni idadi ya kuongea. Kusimama kwa hoja ya nidhamu ukamwambia mwenzako avae koti vizuri ni mchango, kuomba dakika moja kupongeza timu ya shule ni mchango, na zote zinahesabiwa. Mbunge aliyeongea mara tatu kwa mwaka, akaleta marekebisho moja kwa kifungu kimoja, akayapigania mpaka yakapita, kwa ripoti anaonekana mvivu mbele yako.

Nikuombe kitu, na si kikubwa. Tunaelekea Agosti 2027 na utakuja, najua utakuja. Kabla hujaja tengeneza karatasi moja, ukurasa mmoja tu, uandike kura zako za majina tangu 2017, BBI ya 2021, ule mpango wa kubadilisha Katiba, ikiwemo maana hiyo nayo ulibadilisha wimbo mahakama ilipoikataa, halafu mbele ya kila kura uandike sababu kwa sentensi moja. Uliunga mkono kwa nini, ulikataa kwa nini, hukuwepo ulikuwa wapi. Usiweke picha yako. Usiweke rangi za chama. Iandikwe Kiswahili, Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya Bunge pia, na huku kwetu wote tutaisoma. Hata ile ya 2023 iandike, uweke na hotuba kando yake.

Na kwa hii miaka iliyobaki, mswada wa pesa ukiletwa na Spika akaanza kuuliza kwa sauti, simama. Tafuta wenzako wa kusimama na wewe, upande wowote, wapo wanaotaka lakini wanangoja mtu aanze. Hata kama wewe mwenyewe utapiga ndiyo, simama ili ijulikane umepiga ndiyo.

Ukijibu hii barua nitaweka jibu lako hapa hapa, lote, sitakata hata sentensi ya mwisho.

Ni mimi, mpiga kura wako wa 2017 na 2022, wa 2027 bado hatujaongea.