Povu si kipimo cha maji

Kwa Mhariri,

Majuzi msomaji mmoja alilalamika katika ukurasa huu kwamba maji ya mfereji mjini kwao "yanakataa sabuni". Namwelewa. Nina hoteli ndogo ya chai na githeri katika mji ulio mwendo wa nusu saa kwa matatu kutoka Nakuru, na nimepikia maji magumu na maji laini. Ila naona huenda ndugu yangu anayashtaki maji yasiyo na hatia.

Tulipohamia hapa, maji ya mfereji yalikuwa magumu kwelikweli. Sabuni ya kipande iliisha kabla ya nguo kwisha. Birika la hoteli lilijenga gamba jeupe ndani, nikawa nalibandua kwa siki kila mwisho wa mwezi. Chai ikipoa kidogo ilijifunika utando, na wateja wakawa wanachungulia vikombe kana kwamba havijaoshwa. Githeri ndiyo usiseme. Ilikaa jikoni hadi makaa yaishe, na mwishowe nikawa natupia magadi kama alivyofanya mama.

Kisha kikachimbwa kisima kirefu cha mashine, kikaunganishwa na mabomba ya mji. Siku ya kwanza karai lilifurika povu, watoto wakalichezea uani. Maharagwe yakaiva upesi. Birika likaacha kuota gamba. Tulishangilia, na sikumsikia hata mtu mmoja akiuliza maji hayo yamebeba nini.

Kifungua mimba wangu alikulia yale maji magumu, na meno yake ni meupe. Kitinda mimba alizaliwa mwaka ule kisima kilipounganishwa. Meno yake ya utotoni hayakuwa na neno. Ya ukubwani yalipoota, yalikuja na mistari kama ya chaki, kisha madoa ya rangi ya chai ya rangi. Nilimgombeza kuhusu mswaki. Nilimgombeza mara nyingi, na bado linaniuma, kwa sababu daktari wa meno alipomtazama hakutaja mswaki wala peremende. Aliuliza tunakunywa maji ya wapi.

Tatizo ni floraidi, madini yaliyoyeyuka majini. Kidogo hulinda meno, lakini ikizidi huharibu gamba la jino lingali ndani ya ufizi, kabla halijachomoza. Ndiyo maana wanaoumia ni watoto wa hadi umri wa miaka minane hivi. Mtu aliyehamishiwa hapa kikazi akiwa na miaka 40 anaweza kunywa maji hayo hayo na meno yake yasigeuke rangi, na wakati mwingine mimi huwaza kama hiyo ndiyo sababu malalamiko yetu hayawashtui wakubwa. Ikizidi mno kwa miaka mingi, huingia hadi kwenye mifupa na viungo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kwa ugumu wa maji halijaweka kikomo chochote cha kiafya, maana kinachoyafanya maji kuwa magumu ni kalisi na magnesiamu, madini ambayo mwili unayahitaji.

Sasa hapa ndipo mambo yanapopinduka. Miamba ya Bonde la Ufa ni ya volkano na ina floraidi nyingi. Maji yakiwa na kalisi ya kutosha, kalisi huishika floraidi, zikagandamana na kubaki mwambani. Maji yenye kalisi kidogo, yaani yale laini yanayotupa povu tele, hayana cha kuishika, kwa hiyo huteremka nayo hadi kwenye mtungi wako. Sisemi kila maji laini ni mabaya. Maji ya mvua ni laini kuliko yote, na karibu hayana floraidi kabisa. Nasema kwamba kwa kisima kirefu cha huku kwetu, povu si cheti.

Mtu ataniambia nichemshe. Nachemsha kila siku, ndiyo kazi yangu. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na hupunguza sehemu ya ugumu. Ndilo lile gamba la birika. Floraidi haipandi na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki, tena imekolea zaidi. Dawa ya klorini haiigusi. Huioni, huinusi, na kwa kiwango cha visima vyetu ulimi hauitambui. Na yale magadi niliyokuwa nikitupia kwenye githeri? Nayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Nimeyaacha.

Nilichota maji ya mfereji nikayapeleka maabara kwa pesa zangu. Jibu lilipita kile kikomo cha 1.5. Nikaenda na karatasi yangu kwa ofisi inayotuuzia maji. Niliambiwa maji yamepimwa na ni salama. Nikaomba nione namba. Nikaambiwa nirudi Jumatatu. Nimerudi Jumatatu tatu, na nyakati hizo zote bili haijachelewa hata siku moja.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 kuhusu habari hizo inamtaka ofisa ajibu ndani ya siku 21. Siku zangu zimepita zamani.

Najua kuondoa floraidi kuna gharama, na sidai mtambo wa mabilioni. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huinasa, na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeufanyia kazi kwa miaka mingi, kwa hiyo ujuzi uko hapa hapa kwetu. Mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe au ufufuliwe, lakini kioski kimoja cha maji ya kunywa na ya uji wa watoto kingetosha kuanzia. Ya kufulia yaendelee tu kutoka kisimani, na povu lake. Njia nyingine ni kuchanganya maji ya kisima hicho na ya chanzo chenye floraidi kidogo. Sisi nyumbani tumeweka tangi chini ya mabati. Mvua ya kwanza tunaiacha ipite na vumbi na kinyesi cha ndege, inayofuata tunaikinga, tunaichemsha, na hiyo ndiyo ya watoto kunywa. Asiye na mabati yake mwenyewe, kama wapangaji wengi hapa, hana njia hiyo.

Watoto wenye meno haya wanachekwa shuleni kwamba hawapigi mswaki. Wangu siku hizi akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Madoa hayo hayatoki kwa kusugua, na mtoto mwingine anazaliwa hapa leo.

Ninachoomba ni karatasi moja ibandikwe kwenye mlango wa ofisi hiyo na kwenye kila kioski: jina la kisima, tarehe ya kupimwa, floraidi, ugumu, vijidudu. Ibadilishwe kila baada ya kipimo. Nafasi ipo; pana tangazo kubwa pale la ada ya kurudishiwa maji yakikatwa. Ibandikwe kando yake.

Mama hoteli,
Kaunti ya Nakuru