Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Lindi: tuambieni mapema, na mtuambie yote

Shikamoo Daktari.

Mimi ni mkulima wa korosho na ufuta hapa Mtama, mama wa watoto watatu. Wa mwisho ana miaka minne. Alizaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa. Ana kovu refu kiunoni, na nyuma ya sikio lake la kulia, chini ya ngozi, unapita mrija mwembamba unaoshusha maji ya kichwani hadi tumboni. Miguu yake haimbebi bado. Kuhesabu anahesabu mpaka hamsini, na akikosea anaanza upya bila kuambiwa.

Nakuandikia hadharani kwa sababu yaliyonikuta nikiwa na mimba yake yanawakuta wanawake wengine wa huku kwetu, nao wanayaficha kama nilivyoyaficha mimi. Sikuja kushitaki. Hospitali niliyopimiwa siitaji, wala waliokuwepo siku ile.

Mimba ilikuwa na wiki 27. Nesi wa zahanati alinipima tumbo kwa utepe, akaona limezidi miezi, akanituma nikapige altrasaundi. Ndiyo ilikuwa ya kwanza katika mimba zangu zote tatu. Mpimaji alianza vizuri, akanionyesha moyo unavyodunda. Halafu akanyamaza. Akamwita mwenzake, na huyo akamwita mwingine, wakasimama watatu juu ya tumbo langu wakizungumza Kiingereza. Mwisho nikaambiwa: "Mama, mtoto ana shida. Kichwa kina maji na mgongo haujafunga. Nenda kaongee na mumeo muamue."

Tuamue nini, Daktari? Sikuambiwa. Nilitoka na karatasi ambayo sikuweza kuisoma. Kwenye korido akanifuata mtu aliyevaa koti jeupe, sijui kama alikuwa mtumishi au la, akaniambia kwa sauti ya chini kuwa kwa laki tatu jambo hilo linakwisha jioni ileile na hakuna atakayejua.

Nitasema ukweli, maana bila huo barua hii haina maana. Nilifikiria. Usiku mara tatu nililala macho wazi nikifikiria. Ulikuwa msimu wa korosho, malipo ya mnada yalikuwa yameingia, laki tatu ilikuwepo ndani ya nyumba. Wanaotuhukumu wanadhani mwanamke anayewaza hivyo hampendi mtoto. Mimi nilikuwa nawaza kwa ajili yake: atateseka? Nikifa mimi atalelewa na nani? Atacheka?

Siku ya pili tulikaa kikao. Mama mkwe wangu alisema nimevunja mwiko, nimtaje niliyemkosea. Mume wangu aliinamisha kichwa hakusema kitu. Sisi Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo aliitwa mjomba wangu kutoka Nyangao. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Huyu ni wetu. Akishindwa kutembea, tutambeba." Maneno yake nayakumbuka mpaka leo, lakini siku ile hayakunitosha, kwa sababu hata yeye hakujua tunachoulizwa.

Tulikwenda kwa shehe. Alitupokea vizuri. Alieleza kuwa wanazuoni wa fiqhi waliokutana Makka mwaka 1990 waliruhusu mimba itolewe ikiwa jopo la madaktari wa kuaminika limethibitisha kilema kikubwa kisichotibika, ila kabla ya siku 120. Zikishapita, haijuzu isipokuwa uhai wa mama uko hatarini. Nilihesabu kwa vidole. Mimba yangu ilikuwa imezipita siku hizo kwa karibu miezi miwili. Swali lilikuwa limefungwa kabla sijaulizwa.

Sheria ya nchi niliijua baadaye kabisa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 150 hadi 152: anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria ni kifungo hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Kifungu cha 230 kinamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Ulemavu wa mtoto haukutajwa humo. Yule wa kwenye korido hakuniambia hata moja kati ya hayo. Hakuniambia pia kwamba kutoa mimba ya miezi sita kwa siri, pasipo damu ya akiba wala chumba cha upasuaji, naweza kufa mimi mwenyewe nikawaacha wale wawili.

Aliyenisaidia alikuwa nesi mtu mzima katika hospitali nyingine, ambako nilikwenda kurudia kipimo kwa ushauri wa mjomba. Alifunga mlango. Alimketisha mume wangu karibu yangu. Aligeuza kadi yangu ya kliniki akachora uti wa mgongo kwa kalamu, akaonyesha mahali palipobaki wazi. Alisema uti huo hufunga kabla ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hatujajua kama tumeshika, na kwamba hakuna mwiko wala dhambi iliyouzuia. Mume wangu alilia pale, nami ndipo nikajua kuwa siku zote alizonyamaza alikuwa anajilaumu yeye.

Kisha akatueleza mbele kunakuja nini, mazuri na mabaya kwa uzito uleule. Kidonda cha mgongoni hufungwa kwa upasuaji, inavyofaa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, la sivyo wadudu huingia kwenye uti na ubongo. Maji ya kichwani yakiongezeka huwekewa mrija, na mrija unaweza kuziba au kuingia wadudu wakati wowote katika maisha yake. Miguu huenda isifanye kazi. Mkojo hautatoka vizuri, tutafundishwa kuutoa kwa mpira mara nne au tano kwa siku ili figo zisiharibike. Watoto wengi wa namna hii husoma shule kama wenzao. Wengine hufa wachanga. Hakutuambia zaeni wala msizae. Alituuliza tu, kila alipomaliza jambo moja: "Mnataka kujua nini kingine?"

Saa moja, Daktari. Saa moja ile ndiyo iliyonirudishia usingizi. Niliamua kubeba mimba yangu nikijua ninachokibeba. Tukaanza kupanga: nijifungulie Dar es Salaam karibu na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, nani atabaki na watoto, fedha za korosho ziende wapi. Zile laki tatu zilikuwa nauli na chakula chetu cha mwanzo kule.

Wodini nilimkuta dada mmoja wa Newala. Naye aliambiwa huku kusini kwamba mtoto "ana shida ya kichwa." Maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Wake hakuwa na fuvu la juu, ubongo haukuumbika. Hali hiyo haina upasuaji na haina dawa; mtoto huzaliwa mfu au huishi saa chache, pengine siku chache. Hakuna aliyemwambia. Alibeba miezi tisa akiamini anakwenda kutibiwa, amenunua beseni, nepi na kofia tatu. Kofia tatu, Daktari. Mtoto wake alipumua kwa muda usiofika saa moja. Sijui angeamua nini kama angejua, na kumsemea si haki yangu. Ninachojua ni kwamba angemzaa akijua anamuaga, ndugu zake wangekuwa karibu, na mtoto angezikwa Newala kwa babu zake badala ya mji usio wake.

Hapo ndipo lilipo neno langu. "Mtoto ana shida" ni kapu moja lililotiwa vitu visivyofanana. Mdomo sungura hushonwa. Mguu kifundo hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa wiki kwa wiki. Mgongo wazi ni safari ya maisha. Kukosa fuvu ni kifo. Mama anayetupiwa neno moja kwa yote haya hana anachokiamua. Anabahatisha, na wa kwenye korido yuko pale anamngoja.

Wakati nao ni sehemu ya ukweli. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Huku kwetu wengi tunapimwa pale tu tumbo likileta wasiwasi, tumeshachelewa. Naomba kila zahanati ijue ni kituo gani cha karibu chenye mashine na mtu wa kuisoma, na siku ipi, na mama aambiwe tarehe yake mapema kama anavyoambiwa ya chanjo. Na kipimo kikionyesha kilema, kirudiwe na mtaalamu wa juu kabla ya familia kuambiwa iamue chochote, maana hata picha hukosewa. Kisha jina la hali hiyo liandikwe kwa Kiswahili kwenye kadi.

Sheria si yako kuibadili, na sikuandika kukuomba hilo. Wenye kutunga sheria wana milango yao. Lakini kama sheria inaniambia beba, basi Serikali iliyoitunga ina deni kwangu. Haiwezi kunifungia njia moja halafu ile nyingine iniachie nitembee peke yangu na kichanga mwenye kidonda. Mtoto aliyejulikana tangu tumboni asingoje rufaa siku ya nne baada ya kuzaliwa. Iandikwe mapema mama atajifungulia wapi, atasafirishwaje, nani anampokea. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni siku nzima kwenye basi, na hapo ni barabara ikiwa nzima. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga. Wiki hiyohiyo mrija wa mwanangu uliziba. Alitapika, akawa analala kila saa, macho yakawa yanatazama chini kama jua linalozama. Dalili nilizijua kwa sababu nilifundishwa. Tulizungukia Masasi, Tunduru na Songea, siku mbili njiani, nimempakata nikimwita jina lake kila dakika ili asilale moja kwa moja. Tulifika. Sitaki mama mwingine apime bahati yake kwenye njia ile.

Jambo la kinga nalo linanikera, maana ni rahisi. Vidonge vya fefo, vyenye madini ya chuma na foliki asidi, tunapewa kliniki tukifika na mimba ya miezi minne. Vinasaidia damu, lakini uti wa mgongo umeshafunga au umeshashindwa zamani. Mwanamke anayeweza kushika mimba anahitaji foliki asidi mikrogramu 400 kila siku kabla hajashika, na sisi tuliokwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi tunahitaji mara kumi yake, miligramu 4, kwa maelekezo ya daktari. Hilo la mara kumi nililisikia kwa mama mwenzangu wodini, sikulisikia kwenye kliniki yoyote. Tangu mwaka 2011 kanuni zinavitaka viwanda vikubwa viongeze virutubishi kwenye unga, sawa, lakini Mtama ugali wetu ni wa mahindi ya shambani yaliyosagwa kwenye mashine ya jirani, au wa makopa ya muhogo. Kirutubishi cha kiwandani hakitufikii. Naomba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wavipeleke vidonge kwa wasichana na wanawake majumbani, na katika zile siku wanapokuja kwa uzazi wa mpango. Na somo wetu, wanaowafunda wasichana, nao wafundishwe hili. Neno lao linasikilizwa kuliko bango.

Akina baba waitwe ndani. Mume wangu angeliachwa nje ya kile chumba, sijui leo ningekuwa naandika nikiwa na nani.

Nimewakuta akina mama wawili wa hapa jirani wanaolea watoto wenye hali kama ya wangu. Mmoja alibeba akijua, mwingine alishtukia siku ya kujifungua. Tumezungumza. Tuko tayari kuja kliniki kila Alhamisi na kukaa na mama yeyote aliyetoka kupimwa akaambiwa jambo zito, tumsikilize, tumweleze mpira wa mkojo ukoje, mrija ukoje, gharama ni zipi, na tusimwambie la kuamua. Posho hatuombi. Tunaomba chumba chenye mlango unaofunga.

Wako katika kuomba,
Mama wa watoto watatu,
Mtama, Lindi