Kwa wachungaji vijana mnaotaka kuchukua fomu

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nasikia baadhi yenu mnataka kuacha madhabahu muingie serikalini. Siwazuii. Ila kabla hamjachukua fomu, someni habari za Harry Toulmin.

Alikuwa mchungaji wa Kiunitari, yaani wa Wakristo wasiokubali fundisho la Utatu, huko Lancashire, Uingereza. Mwaka 1791 umati wenye hasira uliichoma nyumba ya Joseph Priestley, mhubiri wa imani kama yake, mjini Birmingham. Mwaka 1793 Toulmin akahamia Marekani. Katika jimbo la Kentucky alipewa kuongoza chuo kilichoitwa Transylvania Seminary, lakini Wapresbiteri hawakuitaka teolojia yake, akaondoka 1796. Mwaka huohuo Gavana James Garrard, naye mhubiri wa Kibaptisti, akamteua Katibu wa Jimbo hadi 1804.

Hapa naomba mtulie. Mwaka 1798 serikali kuu ilitunga sheria za kumwezesha rais kuwafukuza wageni, na za kuwaadhibu waliomkosoa. Bunge la Kentucky likapitisha maazimio ya kuzipinga. Tazameni mwisho wa waraka ule: jina la Garrard, kisha la Toulmin, mgeni aliyekuwa na miaka mitano tu nchini!

Baadaye akawa jaji upande wa mto Tombigbee, ambako leo ni Alabama. Mwaka 1810 baadhi ya walowezi walitaka kuuvamia mji wa Mobile uliokuwa chini ya Hispania. Akawazuia kwa sheria, viongozi wao wakakamatwa. Wananchi wakamshtaki hadi kwenye Bunge la Marekani, lisimwone na hatia.

Kazi yake ninayoithamini zaidi ni vitabu. Alizikusanya sheria zilizotawanyika, za Mississippi mwaka 1807, za Alabama mwaka 1823, mwaka aliofariki, ili hata hakimu wa kijijini aweze kuzifungua na kuzisoma. Na hapohapo ndipo panaponiuma: ndani yake zimo sheria za utumwa, zilizomhesabu binadamu kuwa mali ya mwenzake. Mtu aliyekimbia uonevu wa dini alizipanga kwa kalamu ileile. Simtetei.

Nanyi mtaletewa karatasi za namna hiyo, zimechapwa vizuri, zina mhuri, zinasubiri saini yenu tu. Someni kila kifungu. Kinachomwonea mtu kikataeni, hata kama mtapoteza cheo.

Na aliyekwisha kuamua, amkabidhi mwenzake usharika kabla ya kampeni, pamoja na daftari la sadaka. Asisimame mimbarani kuomba kura.

Mzee wenu katika huduma